Mhola

Jina la mji huu lina pumzi ndani yake. Karatasi huliandika kwa namna mbili, mara Munze, mara Mhunze, na mgeni anayeshuka kwenye basi la kutoka Shinyanga kwa njia ya Kolandoto hulisoma kama alivyolikuta. Mimi nilisema Munze mwaka mzima, nami ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa Pangani, niliyeletwa na kazi hapa makao makuu ya Wilaya ya Kishapu.

Aliyenisahihisha ni mama mmoja anayeuza michembe na matobolwa. Tunamwita mayu, kama anavyoitwa hapa kila mwanamke wa umri wa mama yako. Nilikuwa nimechutama mbele ya turubai lake nachagua, nikasema kwamba jua la Munze ni kali. Akalirudia jina mara mbili, polepole. Alipoona sijaelewa, akanishika mkono, akasogeza kiganja changu karibu na pua yake, akalisema mara ya tatu. Pumzi niliisikia kwenye ngozi kabla sijaisikia kwa sikio.

Hiyo mh si m inayofuatwa na h. Midomo inafungwa kama ya mtu anayetaka kusema m, koo linazuiwa lisivume, pumzi inatoka puani, ndipo irabu inaingia. Yote hayo kwa muda wa kupepesa jicho. Nduguye nh yumo katika jina la Mwanhuzi, mji wa jirani zetu wa Meatu. Ndugu wa tatu, ng'h, yumo katika ng'hana, neno ambalo mayu hulitupia katikati ya maongezi akimaanisha kweli kabisa.

Wataalamu wa lugha za Kibantu wameieleza asili yake. Hapo kale king'ong'o kilitangulia p, t au k: mp, nt, nk. Pwani tukakiangusha king'ong'o, ikabaki pumzi. Mzee wa Mombasa au Lamu hadi leo atakutofautishia paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi ya midomoni: mnyama anayo, nyumba haina. Usukumani walifanya kinyume. Walikitunza king'ong'o, wakaiacha p yenyewe ipotee, na pumzi yake wakaipitisha puani. Tembo hapa ni mhuli. Pumzi ni ile ile, ila kila upande uliitobolea njia yake.

Salamu ya kila saa mjini hapa ni mhola? yaani habari, kuna amani? na jibu lake ni mhola duhu, amani tu. Niliitumia miezi mingi bila kuiangalia ndani. Siku moja kijana wa bodaboda aliyekuwa amerudi kutoka machimboni Geita alisimama kwenye turubai, akamwambia mayu, "Mhola, mayu?" Kisha akanigeukia: "Mambo, mwalimu?" Nikamjibu, "Poa." Nilipolitoa tu neno hilo nikabaki nimeshika kipande cha mchembe mkononi, sikili.

Poa na mhola ni neno moja. Mzizi wa kale ni pola, kupungukiwa na moto. Ukiweka king'ong'o mbele unapata mpola, na mpola ikipita katika kanuni ya pumzi inatoka mhola. Kwetu Pwani l ilidondoka katikati, tukabaki na poa: uji umepoa, homa imepoa, na vijana wakaifanya jibu la salamu. Kijana wa pikipiki na mayu wamepishana miaka arobaini hivi, mmoja anasema kwa mtindo wa mjini na mwingine kwa desturi ya wazee, na wote wanasifu kitu kimoja, ubaridi. Nchi hii ni ya jua na udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi hadi mguu unazama. Naona inafaa sana kwamba amani hapa ikaitwa kupoa.

Ile l iliyodondoka ndiyo iliyonifanya nianze daftari. Mvua hapa ni mbula. Jina ni lina. Kuzaa ni kubyala. Kwa miaka mingi niliwafundisha watoto kwamba zaa hutoa zaliwa, nunua hutoa nunuliwa na chukua hutoa chukuliwa, na mwanafunzi akiuliza hiyo l imetoka wapi nilimwambia ndivyo lugha ilivyo. Halikuwa jibu. L ilikuwamo tangu mwanzo. Ilipokaa peke yake kati ya irabu mbili tuliipoteza, zala ikawa zaa. Mahali ilipokingwa na w ya kutendwa, zalwa, ikapona, na baadaye ulimi ukaiongezea i ili ipite vizuri: zaliwa. Kisukuma hakikuhitaji kuificha wala kuifufua. Kubyala, kubyalwa, basi, kiungo kiko wazi kama nguzo ya nyumba isiyopigwa lipu.

Na matobolwa ya mayu, ukilitazama neno lenyewe, yana mkia huo huo wa -lwa, mkia wa kitu kilichotendwa. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa. Matobolwa huchemshwa kwanza, yakamenywa, yakakatwa, ndipo yakapelekwa juani. Ukiyashika ni magumu kama gome, rangi ya asali iliyokolea, na ukiyaweka mdomoni unasubiri. Yanakaa hadi mvua nyingine. Neno na chakula vimekaushwa kwa uangalifu ule ule.

Lazima niseme jambo moja hapa. Kwetu Pwani watu humcheka Msukuma kwa kuweka l mahali pa r, nami niliwahi kucheka pamoja nao. Kisukuma hakina r. Lakini l kinayo, tena kinayo katika maneno ambayo sisi tumebaki na tundu lake tu, na tundu hilo tunalifundisha shuleni kama kanuni isiyo na sababu. Sasa mwanafunzi akiuliza kuhusu chukuliwa, namwomba atamke kuzaa kwa Kisukuma. Darasa zima linajua jibu. Limekuja nalo kutoka nyumbani.

Siku ya ngeli ya U ilikuwa hivyo hivyo. Kila mwalimu wa Kiswahili anaijua taabu yake: ulimi wingi wake ndimi, ukuta wingi wake kuta, lakini ugali hauna wingi, wala uzuri. Kwa nini, ikiwa yote yanaanza na u? Hapa ulimi ni lulimi na ugali ni bugali. Ni viambishi viwili, lu na bu, vya familia mbili. Pwani tuliwavua l na b wakabaki na u tupu, wakafanana kama pacha, na toka hapo tunawalazimisha watoto kukariri nani ana wingi na nani hana. Mkulima wa Kishapu hawezi kuvichanganya. Udongo wake wa kichanga anauita luseni na dawa yake ya mitishamba anaiita bugota, na anapotaja neno ameshakuambia ni la ukoo gani.

Sisemi kwamba Kisukuma ni Kiswahili cha zamani. Ni ndugu, si babu. Kina ufundi wake ambao Pwani haukufika, na ninaoupenda kuliko wote niliusikia mayu akihesabu.

Alikuwa akipanga mafungu. Imo, ibili, idatu. Nikamwomba arudie hapo. Sisi tunasema tatu, yeye anasema datu. Kwa nini t moja imegeuka d na ya pili imebaki? Siku zilizofuata nikawa nasikiliza kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Kupita, hapa ni kubita. Kuku ni ngoko. Tupu imekuwa duhu, na ukiiwekea king'ong'o inakuwa nduhu, yaani hakuna. Ukiyapanga mstari mmoja yanaanza kusema yenyewe. Silabi mbili zinazofuatana zikianza zote kwa konsonanti kavu, za aina ya p, t, k, ile ya kwanza hulainishwa: t inakuwa d, p inakuwa b, k inakuwa g. Ya pili kanuni hii haiigusi. Ni kama mbao mbili ngumu zinazokutana, na seremala anairanda moja ili zikae bila kusuguana.

Kanuni hiyo ina jina duniani kote. Edmund Dahl, mmisionari wa Kimoravian aliyefanya kazi kwa jirani zetu Wanyamwezi, ndiye aliyeitambua, na mwaka 1903 Carl Meinhof akaitangaza kwa wasomi kwa jina la Kanuni ya Dahl. Tangu hapo imeonekana katika lugha nyingi za Afrika Mashariki, Kikikuyu kikiwamo. Ni heshima anayostahili, maana kusikia kitu ambacho wenyewe wanakitenda bila kukiwaza ni kazi. Lakini Dahl hakukitengeneza. Waliokitengeneza ni watu waliokuwa wakihesabu mbuzi.

Mayu aliendelea kuhesabu. Ine, itano, itandatu, mpungati, inane, kenda, ikumi. Aliposema mpungati nikamsimamisha tena, na safari hii nilikuwa nimeguswa. Kwetu Pwani fungate ni siku saba za maharusi kukaa ndani baada ya ndoa. Neno tunalijua sote, saba yake tumeisahau, kwa sababu tulichukua sita, saba na tisa kutoka kwa Waarabu tukaacha za kwetu zikauke. Tandatu na kenda zimebaki katika mashairi ya kale na kamusi. Hapa zinauzia viazi. Mayu hakuelewa kwa nini nacheka na macho yana maji, akanipa mafungu mpungati na kunitoza sita.

Kusema asante nilijifunza mapema, wabeja, kama wanavyojifunza wageni wote. Utalikuta limeandikwa nyuma ya magari, wengine wakiandika wabheja ili kuonyesha kwamba b ya hapa ni laini, midomo inakaribiana tu. Nililidhani ni neno moja, kama asante. Ni sentensi. U ni wewe, a ni wakati uliopita, beja ni kutengeneza vizuri: umefanya vema. Kwa hiyo unapomwambia mtu mzima wabeja unamwambia kama unavyomwambia mtoto, mmoja peke yake. Heshima inataka wingi, na wingi ni mu. Mu ikikutana na a, Kisukuma hakiachi mwa kama sisi. Kinaibeba hadi nyuma ya ulimi, inakuwa ng'wa. Ng'wabeja.

Na hapo ndipo salamu ya asubuhi ilipofunguka yenyewe. Ng'wangaluka, tunayoiandika kwa haraka mwangaluka, ni watu wengi wameamkiwa na nuru, hata kama aliye mbele yako ni bibi mmoja na fimbo yake. Kwa mtoto ni wangaluka. Mwana ni ng'wana, jiji la Mwanza ni Ng'wanza, na jina la Ng'wanamalundi, ambalo hakuna mtoto wa Usukumani asiyelijua, ni ng'wana na Malundi. Kanuni moja, na mji mzima unaitii kuanzia alfajiri.

Sehemu nyingine zilinichukua muda mrefu na bado sijazimaliza. Kisukuma kina irabu saba, sisi tunazo tano. Kati ya i na e kuna irabu nyingine, na kati ya u na o nyingine, na kila moja yaweza kuwa fupi au ndefu. I ya kulima ni hiyo ya katikati. Masikio yangu yalisikia mara kulima, mara kulema, na nikadhani watu wanatofautiana, kumbe tofauti ilikuwa masikioni mwangu. Profesa Herman Batibo, Msukuma mwenyewe, alipochapisha sarufi yake kwa Kifaransa mjini Paris mwaka 1985 aliiita lugha hii kesukuma, kwa e. Nilipoliona jina hilo nilifikiri ni kosa la chapa. Ni sikio la mwenye lugha lililokataa kudanganya.

Kisha kuna toni. Mwaka 1959 Irvine Richardson alitoa London kitabu kizima kuhusu nafasi ya toni katika Kisukuma, na ukianza kusikiliza unaelewa kwa nini. Sauti ya juu ya silabi haisikiki mahali pake. Inasafiri. Silabi inayoimiliki inatamkwa chini, inayofuata nayo chini, na sauti inapanda mbele zaidi, silabi ya pili baada ya mwenyewe. Ba ya kuwataja watu, ile wanayoitia katikati ya kitenzi, ina sauti ya juu, lakini ukiitafuta kwenye ba hutaipata. Nenda mbele, hatua mbili, ndipo ilipo. Nimemrekodi mayu kwenye simu, usiku nawasha na kuzima, nawasha na kuzima. Mkazo wa Kiswahili unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pake siku zote, na masikio yaliyolelewa hivyo yanatafuta kitu kilipowekwa. Hapa unapaswa kukumbuka kilitoka wapi.

Nimewahi kusoma kidogo kuhusu Kiaislandi, lugha ya kisiwa cha barafu, yenye wasemaji wasiofikia laki nne. Anayejifunza huanza na farasi: hestur akitenda, hest akitendewa, hesti akipewa kitu, hests akiwa mwenye mali. Neno linabadilisha mkia kulingana na kazi yake. Sisi Wabantu tunabadilisha kichwa, kulingana na ukoo wake. Na katika lugha hiyo ya mbali, kisu ni hnífur, na hn yake hutamkwa kwa king'ong'o kisichovuma, pumzi ikipita puani, karibu kabisa na nh ya Mwanhuzi. Nilifurahi kana kwamba nimekutana na mtu wa kwetu ugenini. Lakini Kiaislandi kina vitabu vya kiada kwa wageni, madarasa ya chuo kikuu, kamusi za kila ukubwa. Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 ilikihesabia Kisukuma wasemaji zaidi ya milioni tano, wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya jamii nchini, na mtu anayetaka kujifunza sarufi yake hapa Mhunze anakwenda kuchutama mbele ya turubai. Sarufi za Batibo na Richardson ziko kwa Kifaransa na Kiingereza. Ningependa kuona moja kwa Kiswahili, nyembamba, ya bei ya mwalimu, yenye sura ya kwanza kuhusu pumzi.

Mayu hajui neno sarufi. Nilimweleza siku moja kwamba anapohesabu anafuata kanuni, na kwamba kanuni hiyo imeandikwa vitabuni Ulaya. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiendelea kusawazisha matobolwa yasigusane, maana yakigusana yanashika unyevu. Kisha akasema kwamba wajukuu wake wa mjini wanasema itatu, kwa t, kwa sababu ya shule, na yeye huwarudisha nyuma kila mara hadi waseme idatu. Anawarudisha mara ngapi? Kila wanapokosea, akasema. Hachoki? Akanitazama kama nimeuliza kama huchoka kupika.

Wiki iliyopita nilitoka nyumbani kabla ya kengele. Vumbi lilikuwa bado limelala. Mtoto wa miaka saba hivi alikuwa akiswaga mbuzi wawili, akaniona, akashika fimbo chini na kuniamkia, "Ng'wangaluka." Nikamjibu, "Wangaluka." Kwa umoja, u na a, kwa mtoto mmoja. Sikuwa nimeipanga, nilikuwa nawaza madaftari. Nilipofika mbele kidogo ndipo nikatambua nilichosema, nikageuka kumtazama. Hakuwa amegeuka. Alikuwa akiwapitisha mbuzi wake kando ya barabara, mmoja mbele, mmoja nyuma.